UZI: Château Gaillard, ngome iliyojengwa kwa miaka miwili, ikaja kuingiliwa kwa dirisha

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Majuzi nilipanda kilima kimoja huko Normandy, mashambani kabisa, kama kilomita 100 kutoka Paris ukielekea kaskazini-magharibi. Chini yake kuna mji mdogo wa Les Andelys, na mto Seine umejikunja pale kama chatu aliyeshiba. Juu ya kilima, mita zipatazo 100 kutoka usawa wa maji, kuna magofu meupe. Nilienda kupiga picha tu nirudi. Nimerudi na maswali, nikasoma, na sasa nalala saa nane za usiku kwa ajili ya watu waliokufa miaka 800 iliyopita.

Magofu yale ni Château Gaillard. Aliyeijenga ni Richard wa Uingereza, yule wa "Moyo wa Simba". Jina lenyewe ukilileta kwetu ni kama "Ngome Jeuri". Kwenye hati zake rasmi Richard aliiita kistaarabu zaidi, Ngome Nzuri ya Mwambani, ila watu walishaamua jina lao.

Kwanza tuelewane jambo moja. Enzi hizo mfalme wa Uingereza alikuwa pia mtawala wa Normandy na sehemu kubwa ya Ufaransa ya leo. Kwa hiyo mfalme wa Ufaransa, Philip wa Pili, alikuwa jirani yake, bosi wake kwa karatasi, na adui yake kwa vitendo, vyote kwa pamoja. Mwishoni mwa 1192 Richard akiwa anarudi kutoka vita vya msalaba alikamatwa karibu na Vienna. Alifungwa zaidi ya mwaka, na fidia iliyodaiwa ilikuwa marki 150,000. Philip hakulala. Mwaka 1193, mwenzake yuko ndani, akachukua Gisors, ngome iliyokuwa inalinda mpaka wa Normandy. Richard alipotoka mwaka 1194 alikuta nyumba haina mlango, na njia ya kwenda Rouen, mji mkuu wa Normandy, iko wazi.

Ndipo akakitazama kile kilima cha Andeli, ndiyo Les Andelys ya leo.

Tatizo ni kwamba kilima hakikuwa chake. Kilikuwa mali ya Walter de Coutances, askofu mkuu wa Rouen. Halafu mkataba aliousaini na Philip Januari 1196 ulikuwa umekataza kabisa Andeli kujengwa ngome. Richard akaanza kujenga mwaka huohuo. Askofu akafunga ibada Normandy nzima, mwandishi mmoja wa wakati ule anaeleza maiti zilivyobaki bila kuzikwa mitaani. Richard anaendelea kujenga. Kesi ikafika kwa Papa, na Oktoba 1197 wakamalizana: askofu akapewa bandari ya Dieppe na mali nyingine. Ukiniuliza mimi, askofu ndiye aliyeondoka na faida.

Nakuja na ujenzi. Msikae mbali.

#2

Naweka kiti mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#3

Ufaransa, Normandy, maaskofu... bei ya mafuta imepanda huku, nyie mko mwaka 1196. Haya, ngoja nisome.

#4 Mleta uzi

Ujenzi sasa. Hapa ndipo nilipochanganyikiwa.

Ngome za mawe za ukubwa ule zilizoea kuchukua miaka kumi na zaidi. Hii ilisimama kwa miaka miwili, 1196 hadi 1198. Wanahistoria waliopitia vitabu vya hesabu za hazina wanakadiria Richard alitumia kama pauni 12,000. Kwa kulinganisha, katika utawala wake wote, ngome zake zote za Uingereza zilikula kama pauni 7,000. Vitabu hivyo vinataja waliolipwa: wachimba mawe, waashi, wachoma chokaa, maseremala, wahunzi, wabeba maji, wachukuzi wa mikokoteni, askari wa kulinda mafundi, na watu wa kazi moja tu, kuchonga mahandaki kwenye mwamba. Ila hakuna fundi mkuu aliyetajwa. Kwa sababu hiyo wengi wanaamini aliyechora ramani ni Richard mwenyewe, maana hakuwa akibanduka pale.

Kuna kisa kwamba Mei 1198 mvua ya damu iliwanyeshea mafundi. Watu wakatetemeka, Richard akasema kazi iendelee. Mwandishi wa kisa hicho anaongeza kwamba hata angeshuka malaika kumwambia aache, malaika huyo angelaaniwa.

Sasa mpangilio. Usifikirie jumba moja lenye minara minne pembeni. Fikiria meli imepaki juu ya mwamba, pua yake ikiangalia upande mmoja tu. Kilima kile kina miteremko mikali pande zote isipokuwa kusini-mashariki, ambako shingo nyembamba ya ardhi inakiunganisha na uwanda wa nyuma. Adui hana njia nyingine ya kuleta mitambo. Richard akaweka nguvu zake zote upande huo, kwa tabaka.

La kwanza ni boma la mbele, la pembetatu, na mnara mnene kwenye ncha. Boma hili limetengwa kabisa, lina handaki lake kavu lililochongwa mwambani. Ukilichukua bado hujaingia popote, umechukua sebule ya nje. Ukivuka handaki unakuta ua wa kati, na ndani yake kuna ua wa ndani kabisa, wenye ukuta wake na handaki lake.

Ule ukuta wa ndani ndio ulionitoa jasho. Haukunyooka. Umejaa migongo ya nusu duara iliyobanana, mmoja baada ya mwingine, kama mabati ya migongo uliyoyasimamisha wima. Nilipitisha mkono: mgongo, bonde, mgongo, bonde. Maana yake nini? Jiwe la manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe, likigonga ukuta bapa nguvu yote inaingia. Likigonga mgongo wa mviringo linateleza pembeni. Pia askari aliye juu haachi kona hata moja asiyoiona, adui hana pa kujibanza.

Mnara mkuu uko ndani ya ua huo. Ni mviringo, lakini upande wa kumkabili adui umetoa ncha kama pua ya jahazi. Upande wa juu una nguzo zilizoanza nyembamba chini na kupanuka zinavyopanda, zikibeba ukingo uliochomoza nje, na kati ya nguzo kuna nafasi za kudondoshea mawe moja kwa moja kichwani mwa aliye chini. Miongo mingi baadaye ngome nyingi Ulaya zilikuwa nazo. Miaka ya 1190 Ulaya Magharibi ulikuwa ugeni.

Na ngome yenyewe ni kipande tu cha mradi. Chini, Richard alianzisha mji mpya ambao leo ni Petit Andely, akajenga boma kwenye kisiwa katikati ya mto, na akapigilia safu tatu za magogo kukatiza Seine ili mashua zisipite.

Gerald wa Wales, aliyeishi zama hizohizo, anasimulia kwamba Philip alijigamba angeichukua hata kuta zingekuwa za chuma. Richard akajibu angeilinda hata kuta zingekuwa za siagi.

#5

Mkuu swali la kifundi. Mimi ni mwashi. Mawe gani hayo, na waliyapandishaje huko juu bila winchi?

#6 Mleta uzi

Fundi, umeuliza swali tamu.

Mwamba wenyewe ni chokaa laini nyeupe, ndani yake kuna mapande ya gumegume, lile jiwe gumu la kutolea cheche. Kwa hiyo handaki unalochimba linakupa mawe ya kujengea, humo humo. Mawe yaliyochongwa vizuri yanakaa nje kama ngozi, katikati unajaza kokoto na gumegume na udongo wa chokaa. Chokaa ilichomwa palepale. Kama umewahi kuona tanuu la chokaa huku pwani, kazi ni ileile, wao hawakuwa na matumbawe tu.

Winchi walikuwa nayo. Ni gurudumu kubwa la mbao, mtu anaingia ndani na kutembea, linazunguka linavuta kamba. Ukitaka kuliona likifanya kazi leo, nenda Guédelon, kule Burgundy. Tangu 1997 mafundi wanajenga pale ngome mpya kwa zana na mbinu za karne ya 13: hakuna umeme wala saruji, jiwe linachongwa kwa patasi na linapandishwa kwa miguu ya mtu ndani ya gurudumu.

Na yale matundu ya mraba unayoyaona kwenye kuta nyingi za zamani, watu hudhani ni ya kupigia mishale. Mengi ni ya kuchomekea miti ya jukwaa la mafundi.

#7

Sawa, ngome kali. Iliangukaje? Kichwa cha uzi kimesema dirisha.

#8 Mleta uzi

Tufike huko, ila sehemu hii si ya kusomea mezani.

Richard hakuifaidi. Mwaka 1199, akiwa ameizingira ngome ndogo ya Châlus kusini huko, alipigwa mshale begani, kidonda kikaoza, akafa tarehe 6 Aprili. Akaingia mdogo wake, John.

Philip alifika Andeli Agosti 1203. Ndani alikuwemo Roger de Lacy, kamanda wa John. Kwanza Philip alitaka mto. Vijana wake wakaogelea na kukata yale magogo, mashua zikapita, akaunganisha daraja la mashua. John akajaribu kuokoa jahazi kwa shambulio la usiku: jeshi la nchi kavu chini ya William Marshal, na mashua zinapanda mto na chakula. Wazo lilikuwa zuri. Wakakosea hesabu ya maji, mto ukawakatalia, mashua zikachelewa. Jeshi la nchi kavu likapigwa peke yake, na mashua zilipotokea wakapigwa nazo. Boma la kisiwani likaanguka baada ya jamaa mmoja wa Mantes aitwaye Gaubert kupiga mbizi na vyungu vya makaa ya moto vilivyozibwa, akauchoma uzio wa mbao.

Wakazi wa mji wa chini wakakimbilia ngomeni na watoto wao, zaidi ya watu elfu. Lacy akapiga hesabu ya ghala. Akatoa mia tano hivi, wazee na wagonjwa kwanza. Wafaransa wakawapisha. Siku chache baadaye akatoa wengine kama hao, wakapita pia. Philip aliposikia alikasirika: wale wabaki ndani wamalize chakula. Kundi la mwisho lilipotolewa, mia kadhaa ya watu, lilikutana na mishale. Wakageuka. Lango la ngome lilikuwa limeshafungwa nyuma yao.

Wafaransa wana jina la watu kama hao, midomo isiyo na faida. Walikaa kwenye miteremko na mahandaki, kati ya majeshi mawili, majira ya baridi ya Normandy. Anayesimulia ni Guillaume le Breton, kasisi wa Philip, yaani mtu wa upande wa waliozingira. Anasema walikula majani, kisha mbwa waliofukuzwa ngomeni. Kuku aliyeangukia kati yao aliliwa na manyoya yake. Anasema mwanamke alijifungua, na kichanga kikaliwa.

Philip mwenyewe alipopita wakamlilia, akaamuru wapewe chakula na waachwe waende. Guillaume anamtaja mmoja aliyeshika paja la mbwa mkononi. Wakamwambia alitupe. Akasema hatalitupa mpaka kwanza ashibe mkate. Wengi wao walikufa baada ya kula, matumbo yalishasahau kazi.

Nilisimama kwenye handaki lile. Kuna nyasi nzuri sana sasa hivi, za kijani. Nikashindwa kufungua sandwichi niliyobeba.

#9

Dah.

#10

Lacy na Philip wote wauaji. Mmoja kafunga lango, mwingine kafunga njia.

#11 Mleta uzi

Sibishi.

Tumalizie anguko. Mapema 1204 Philip akaanza kushambulia kutokea ile shingo ya ardhi, kama Richard alivyotabiri. Boma la mbele: askari wakateremka handakini, ngazi zikawa fupi upande wa pili. Wakapanda kwa kuchomeka majambia kwenye mwamba ule laini. Wakafukua chini ya mnara wa ncha, wakaweka magogo, wakayachoma, mnara ukashuka. Lacy akateketeza alichoweza akarudi ua wa kati.

Ua wa kati ndio wenye dirisha. John alikuwa ameongeza jengo pale ukutani, kanisa dogo juu na chini yake chumba cha kazi nyingine, na jengo lilikuwa na dirisha linaloangalia nje. Richard hakuliweka. Askari mmoja wa Philip, Bogis, akasimama mabegani mwa mwenzake, akalifikia, akaingia, akateremsha kamba na wenzake wakafuata. Walinzi waliposikia kelele wakalichoma jengo ili kuwafukiza. Upepo ukageuza moto ukawarudia wenyewe, wakakimbilia ua wa ndani. Bogis na wenzake wakatoka hai, wakashusha daraja.

Ua wa ndani, wa ile migongo ya mviringo, nao ulikuwa na kasoro yake, na hii ni ya Richard. Badala ya daraja la kuinua peke yake, aliacha daraja la mwamba wenyewe likivuka handaki. Wachimbaji wa Philip walijificha chini ya mwamba huo kama mtu anayejikinga mvua barazani, wakala msingi. Waliokuwa ndani wakachimba kuwakabili, wakawatimua, lakini sasa ukuta ulikuwa umetobolewa pande zote mbili. Manjaniki kubwa ikamalizia. Tarehe 6 Machi 1204 ukuta ukafunguka. Walinzi waliobaki, hawakufika mia mbili, walijaribu kutokea mlango wa nyuma wakakamatwa. Mnara mkuu, ule wenye pua ya jahazi, haukutumika hata kidogo.

Tarehe 24 Juni Rouen ikajisalimisha. Normandy ikawa imekwenda.

#12

Mkuu nakupinga kidogo. Hilo dirisha mnalipa sifa ya bure. Ngome haijitetei yenyewe, kazi yake ni kumchelewesha adui mpaka jeshi lije. Hii ilichelewesha nusu mwaka. John alikuwa wapi? Desemba 1203 alishapanda meli kurudi Uingereza. Ngome ilifanya kazi yake, mwenye ngome hakuifanya yake. Halafu nimewahi kusikia Bogis alipitia shimo la choo, si dirisha la kanisa.

#13 Mleta uzi

La John nakubali, umenipiga mahali penyewe. Kichwa cha uzi kilikuwa cha kuwavuta, siri imefichuka.

La choo linasimuliwa sana, hata na waongoza watalii, maana linachekesha. Kasisi Guillaume anaandika dirisha. Huenda chumba cha chini ndicho kilichozaa hadithi ya choo.

Ila na mimi nishikilie changu. Richard alifikiria kila jiwe linalorushwa kutoka mbali. Waliofungua njia hawakurusha kitu. Mmoja alipanda begani kwa mwenzake, wengine wakajibanza chini ya daraja. Na haikuishia hapo. Mwaka 1419, vita vya miaka mia, Waingereza wa Henry wa Tano waliizingira tena kwa miezi mingi. Kuta zilikuwa nzima. Inasemwa waliokuwa ndani walijisalimisha kwa sababu kamba za ndoo za kisimani zilikatika kwa kuchakaa, wakakosa maji.

#14

Kamba za ndoo!! Na kisima kipo!!

#15

Katikati ya 1204 na 1419 ilikuwa inafanya nini?

#16 Mleta uzi

Jela na maficho ya wakubwa. Mwaka 1314 walifungwa humo Margaret na Blanche, wake za wana wa mfalme, kwa kesi ya uzinzi. Margaret alifia ndani mwaka 1315, mumewe akiwa ameshakuwa mfalme. Kuanzia 1334 hadi 1341 alihifadhiwa humo David wa Pili, mfalme mtoto wa Scotland aliyekimbizwa kwao. Wafaransa waliirudisha moja kwa moja mwaka 1449.

Halafu ikawa mzigo. Watu wa Normandy waliogopa majambazi na waasi wangejificha humo, wakaomba ibomolewe, na mwaka 1599 Henri wa Nne akakubali. Watawa Wakapuchini wakaruhusiwa kuchukua mawe kukarabati nyumba yao. Kwa hiyo ukiona mnara ule umekatika juu kama jino bovu, usiwasingizie manjaniki. Yaliyobaki yaliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya taifa mwaka 1862.

#17

Niko Lyon, mwezi ujao nina likizo. Kunafikikaje?

#18 Mleta uzi

Treni haifiki Les Andelys. Shuka Gaillon-Aubevoye au Vernon, kisha tafuta basi au teksi, na uangalie ratiba kabla, mimi nilingoja stendi hadi nikahesabu ng'ombe wote wa shamba la mbele. Kuzunguka magofu kwa nje ni bure, ua wa ndani unafungwa miezi ya baridi.

Usianzie maegesho ya juu. Anzia Petit Andely, mtoni, upande kwa miguu, ndipo utaelewa kwa nini Philip hakujaribu upande huo. Na vaa viatu vyenye meno. Ile njia ikilowa, chokaa inakuwa sabuni. Mimi nilishuka mita tano za mwisho kwa makalio, mbele ya mama mmoja na mbwa wake.